Altrasaundi ya neva za kigasha: tathmini yangu kwa wenye ganzi isiyoeleweka

Naanza na hukumu kabisa: huduma hii naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeizuia kwa sababu nitakayoieleza huko chini. Nazungumzia altrasaundi ya neva za mkono, siyo ile ya ujauzito wala ya figo. Mashine ni za ukoo mmoja ila probu (kile kidude wanachopitisha kwenye ngozi) ya huku ni ndogo na ya masafa ya juu, megahezi 12 kwenda juu, ndo inayoona vizuri vitu vilivyo karibu na ngozi. Wanakupaka jeli, wanaipitisha polepole juu ya mkono, na wewe mwenyewe unaiona neva yako kwenye skrini, kiduara chenye vidoa vyeusi vimejipanga ndani kama sega la nyuki. Haiumi, hakuna sindano, hakuna mionzi.

Nani anaihitaji? Mtu ambaye ganzi yake haieleweki. Yaani kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete vinakufa ganzi, kigasha kinauma upande wa mbele chini kidogo ya kiwiko, vitu vinakuponyoka mkononi, afu kila unakokwenda unaambiwa ni kifundo cha mkono tu, vaa sapoti, punguza simu. Mi kazi yangu ni ya bisibisi, nazungusha mkono kutwa nzima, na kadiri ninavyokaza skrubu ndo ganzi inavyozidi, nikipumzika inapoa, na usiku nalala vizuri tu. Hiyo ya kulala vizuri ina maana kubwa sana na watu wengi hata hawaulizwi.

Kwa sababu ule ugonjwa maarufu wa kifundo, wa neva ya mediani (ile inayohudumia gumba mpaka nusu ya kidole cha pete) kubanwa kwenye handaki la kapali pale kiganja kinapoanzia, kawaida yake ni kumwamsha mtu usiku, mpaka akung'ute mkono ndo apate nafuu. Neva hiyohiyo ikibanwa juu zaidi, kwenye kigasha, ganzi ya vidole inafanana kabisa lakini usiku mara nyingi inatulia, mchana ukishika kazi ya kugeuzageuza mkono ndo inawaka. Alama nyingine ni ganzi ya kiganja chenyewe, ile nyama iliyo chini ya kidole gumba. Ngozi ya hapo inahudumiwa na katawi kadogo kanakochipuka kwenye neva ya mediani kama sentimita 5 juu ya kifundo, na hako katawi hakapiti ndani ya handaki, kanapita nje yake. Kwa hiyo kama kiganja nacho kina ganzi basi handaki peke yake halitoshi kuelezea, kuna kitu huko juu. Mtu yeyote mwenye hizi dalili naomba ajikague hapo kabla hajakubali jibu la haraka.

Sapoti nayo niiseme kwa haki maana nimeivaa. Kwa mbano wa kifundo ni kitu kizuri mno, presha ndani ya handaki inapanda ukikunja kifundo na inapanda pia ukikirudisha nyuma, sapoti inakishika kikae sawa hasa ukiwa umelala, watu wengi wanapona au wanapata nafuu kubwa bila kisu. Lakini kama neva imebanwa chini ya kiwiko, sapoti ya kifundo haifiki huko hata kidogo, bado mkono unageuka, bado misuli ya juu inakaza. Kwangu haikubadilisha chochote, na hiyo siyo kasoro ya sapoti, ilipewa kazi isiyo yake.

Kabla ya altrasaundi nilipimwa neva kwa umeme, kile kipimo cha kukupiga vishoti vidogo kwenye ngozi na kuangalia ishara inasafiri kwa kasi gani, afu wanakuchoma kisindano kwenye misuli wasikilize. Majibu yakatoka kawaida. Sasa hapa nataka watu waelewe vizuri, majibu ya kawaida kwenye kipimo hiki hayamaanishi huna kitu. Kwa mbano wa kifundo kipimo kinafanya kazi nzuri, lakini mbano wa kigasha mara nyingi unakuja na kuondoka kulingana na msuli unavyokaza, na wewe pale kitandani umelala umelegeza mkono, neva inapitisha umeme bila tabu. Wengi wenye tatizo hili wanatoka na karatasi safi kabisa na maumivu yaleyale.

Na kuna kitu kingine kinachovuruga kipimo cha umeme, nacho nilijifunza kwa mtaalamu aliyenifanyia altrasaundi. Kuna watu, karibu 1 kati ya 5, ambao ndani ya kigasha nyuzi kadhaa za neva ya mediani zinavuka na kuhamia neva ya alna, yule jirani anayehudumia kidole cha mwisho. Jambo hili lilielezwa na Martin mwaka 1763, afu Gruber akalirudia kwa undani mwaka 1870, ndo maana linabeba majina yao wote wawili. Mwenye kivuko hicho haumwi chochote, kazaliwa hivyo. Lakini kwenye kipimo namba zinatoka za ajabu, inaweza kuonekana kama neva ya alna imezibwa katikati ya kigasha kumbe nyuzi zimepita njia nyingine, au kasi ya mediani ikatoka kubwa kuliko inavyowezekana. Mpimaji asiyekumbuka kivuko cha Martin na Gruber anaweza kumpeleka mtu kwenye upasuaji usiohitajika. Hili kwa kweli lilinigusa.

Haya, sasa huduma yenyewe.

Kilichonifanya niiheshimu ni kwamba mtaalamu hakuanzia kifundoni. Alianzia juu ya kiwiko, upande wa ndani wa mkono wa juu, akaifuata neva ya mediani hatua kwa hatua mpaka kiganjani bila kuiacha, na kila sehemu ambapo neva inaweza kubanwa alisimama. Nitazipitia kwa sababu ndo roho ya jambo zima, na kama atakayekupima anaruka hizi sehemu basi hujapimwa.

Kituo cha kwanza ni kama sentimita 5 juu ya kiwiko. Kuna watu wachache, takriban 1 kati ya 100, wana kijimfupa kilichochomoza hapo kwenye mfupa wa mkono wa juu, na kutoka kwenye kijimfupa hicho inashuka kano mpaka kwenye nundu ya ndani ya kiwiko. Neva ya mediani, mara nyingi pamoja na mshipa mkubwa wa damu, inapita chini ya kano hiyo na inaweza kubanwa hapo. Inaitwa kano ya Struthers, kwa jina la John Struthers, mwanaanatomia wa Uskoti wa karne ya 19, ambaye hata aliona katika familia moja baba ana kijimfupa hicho na watoto wake wanne kati ya saba wanacho. Kijimfupa kinaonekana pia kwenye eksirei ya kawaida ila lazima ipigwe kwa mshazari, ukipiga moja kwa moja kinaweza kujificha. Mi sikuwa nacho.

Kituo cha pili ni utando unaotoka kwenye kano ya msuli wa baisepsi na kutandaza juu ya misuli ya kigasha. Kwa baadhi ya watu ni mnene na umekaza. Hapo alinishika mkono akaniambia nikunje kiwiko huku kiganja kimetazama juu, yeye anazuia, macho yake yako kwenye skrini. Kwangu neva ilikaa vizuri tu.

Cha tatu ndo penye utajiri wenyewe. Msuli wa pronata, ule unaogeuza kiganja kitazame chini, una vichwa viwili, kimoja kikubwa cha juujuu na kimoja kidogo cha ndani. Ramani inayofundishwa inasema neva ya mediani inapita katikati yao, na kwa mikono mingi, kama 8 kati ya 10, ndo ilivyo. Lakini mikono iliyobaki ina mambo yake: kuna ambao neva inapita nyuma ya vichwa vyote viwili, kuna ambao inatoboa kichwa kimojawapo, kuna ambao kichwa cha ndani hakipo kabisa au kimebaki utepe mgumu wa kano badala ya nyama. Utepe huo neva ikiulalia na juu yake kichwa kikubwa kinakaza, hebu fikiria mtu wa bisibisi kama mimi inatokea mara ngapi kwa siku. Mwaka 1951 daktari aitwaye Seyffarth aliuandika mbano huu wa pronata kama ugonjwa unaojitegemea, kwa hiyo siyo jambo jipya, ila bado unasahaulika kwa sababu ule wa kifundo ni wa kawaida zaidi mara nyingi sana.

Cha nne ni chini kidogo tu, upinde wa kano wa ule msuli unaokunja vidole. Neva inapita chini ya upinde kama mtu anayeinama. Kwa wengine upinde ni wa nyama laini, kwa wengine ni kano kali yenye makali. Hapo unaambiwa kunja kidole cha kati peke yake huku mpimaji anakizuia, na kama ganzi inakuja upinde unashukiwa.

Sasa kwangu ndo hapo. Nyuma ya neva, ukiangalia pale kwenye upinde, kulikuwa na msuli mwembamba ambao mtaalamu aliutambua mara moja, msuli wa Gantzer. Ni kichwa cha ziada cha ule msuli mrefu unaokunja kidole gumba, Gantzer aliuelezea mwaka 1813. Nilipokaza kidole dhidi ya mkono wake, nikaona kwa macho yangu ile neva ya duara inalazwa inakuwa bapa, kati ya Gantzer nyuma na upinde mbele, na juu ya hapo imevimba kidogo. Nikilegeza inarudi. Sikumbuki kitu kingine cha hospitali kilichonipa utulivu kama ule, kuona maumivu yangu yana mahali.

Lakini alichofanya baada ya hapo ndo kimempa nyota zake. Hakuandika tu Gantzer akamaliza. Alinieleza kwamba msuli huu unapatikana kwa karibu nusu ya mikono ya binadamu, namba zinatofautiana kidogo kulingana na nani kachunguza, na karibu wote walio nao hawaumwi chochote maisha yao yote. Kwa hiyo kuukuta siyo ushahidi. Ushahidi ni neva kubadilika umbo mahali hapo, wakati wa mwendo uleule unaoleta dalili, na upande mwingine usiouma hautoi picha hiyo. Akahamia mkono wa pili akapima hatua zilezile. Gantzer nayo ilikuwepo huko! Ila upinde wa huko ulikuwa laini na neva haikulala. Kama angeniambia tu una msuli wa ziada ndo tatizo, ningeamini, na ingekuwa nusu ya ukweli.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wanashika neno tofauti ya kimaumbile kama vile wamepewa laana. Kila mwili una tofauti zake. Kuna kano nyembamba ya katikati ya kifundo inayosimama ukigusanisha gumba na kidole cha mwisho ukakunja kifundo, kuna watu wengi hawana kabisa na hawajawahi kukosa kitu. Kuna wengine msuli wa hiyo kano umegeuka, nyama ambayo inatakiwa iwe juu karibu na kiwiko iko chini karibu na kifundo, ikivimba kwa kazi inaweza kubana neva ya mediani hapo. Inategemea mahali, nafasi na kazi unayoupa mkono.

Neva nyingine alizigusa kwa ufupi na mi nitafanya hivyohivyo. Alna, nyuma ya nundu ya ndani ya kiwiko, kuna watu wana kimsuli cha ziada kinachofunika njia yake kama kifuniko, ganzi yake ni ya kidole cha mwisho na nusu ya cha pete. Radiali, tawi lake la ndani linapita chini ya upinde wa msuli unaogeuza kiganja juu, unaitwa upinde wa Frohse, kwa wengine ni wa kano ngumu, na hapo hakuna ganzi bali vidole vinashindwa kunyooka au maumivu yanafanana na ya kiwiko cha wacheza tenisi. Kama dalili zako ni hizi, omba hizo neva zipimwe kwa jina maana hazipo njia moja na mediani.

Halafu kuna onyo moja ambalo lazima niliweke. Kuna tawi la ndani la mediani ambalo halina kazi ya kuhisi ngozi, linakunja ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada. Likilemaa, mtu akijaribu kutengeneza duara kwa gumba na shahada ncha zinabonyea, duara halitoki, na ganzi hakuna. Kiloh na Nevin waliandika habari zake mwaka 1952 na kwa miaka mingi lawama zilipelekwa kwa msuli wa Gantzer na mingine ya aina hiyo. Siku hizi madaktari wanajua kwamba nyingi ya hizo siyo mbano, ni neva yenyewe kuvimba kwa ugonjwa, ule ambao Parsonage na Turner waliueleza mwaka 1948, ambapo mtu anapata maumivu makali ya ghafla ya bega au mkono, yanapungua baada ya siku au wiki, ndo udhaifu unajitokeza. Altrasaundi nzuri inaweza hata kuona neva imepata kiuno chembamba mahali ambapo hakuna msuli wala kano yoyote iliyoibana. Kwa hiyo kama umepoteza nguvu ghafla baada ya maumivu makali, usikubali kuambiwa ni msuli wa ziada bila kuulizwa hiyo historia. Na udhaifu unaoongezeka usisubiri nao nyumbani.

Nyota niliyoizuia sasa. Huduma hii yote inasimama kwenye mikono na kichwa cha anayepima, na mashine ileile kwa mtu mwingine inakupa karatasi isiyo na maana. Kabla ya huyu niliwahi kupimwa sehemu nyingine ambayo siitaji, probu iliwekwa kifundoni, ikapimwa ukubwa wa neva hapo, ikaandikwa kawaida, nikaambiwa niende. Dakika chache tu na kigasha hakikuguswa. Siyo haki kwa mgonjwa kulipia altrasaundi ya mkono ikawa ya kifundo. Pia mashine ina mipaka yake ya kweli, kwa mtu mwenye misuli minene neva inazama chini na masafa ya juu hayafiki mbali, na tepe nyembamba za kano zinaweza zisionekane kabisa, kwa hiyo altrasaundi safi nayo haifungi mjadala. Hapo MRI, kile kipimo cha picha za sumaku, inaweza kusaidia kuonyesha misuli iliyoanza kukosa huduma ya neva, na zaidi ya yote mikono ya daktari anayebonyeza mahali penyewe na kukuuliza unahisi nini.

Ukitaka kuweka miadi, piga simu uulize moja kwa moja: mnapima neva yote kutoka juu ya kiwiko? mnapima mkono ukiwa unakaza na kugeuka au umelala tu? mnapima pande zote mbili? Anayejibu ndiyo bila kusitasita huyo mwendee. Na siku hiyo fanya kwanza ile kazi inayokuletea ganzi, usiende umepumzika, mi nilikaza skrubu kabla sijaingia na ilisaidia maana dalili zilikuwa mbichi.

Baada ya majibu mambo hayakuwa ya kisu moja kwa moja, na hilo nalo nimelipenda. Kwa mbano wa aina hii wanaanza kwa kupunguza ule mwendo, fizio, dawa za uvimbe kwa muda, wakati mwingine sindano karibu na neva ikiongozwa na altrasaundi hiyohiyo, na wanatoa miezi kadhaa kabla ya kuzungumzia upasuaji, isipokuwa nguvu zinapotea. Mi nimehamia bisibisi ya umeme, nabadilisha mikono, na fizio amenifundisha kuitelezesha neva kwa mazoezi ya taratibu. Ganzi imepungua sana, haijaisha. Nikifika kwenye upasuaji nimeambiwa ni wa kukata ule upinde na kuachia neva, na kuna madaktari wanaoufanya kwa dawa ya ganzi ya sehemu hiyo tu mgonjwa akiwa macho, anakunja vidole palepale mezani wakaona nguvu inarudi au la.

Kitu cha mwisho ni ripoti. Yangu ya kwanza ilikuja na maneno matupu, nikarudi kuomba iandikwe upya na wakaiandika bila shida: ukubwa wa neva kwa milimita za mraba juu ya mbano na kwenye mbano, namba za mkono wa pili pembeni, picha mbili za mkono ukiwa umelegea na ukiwa umekaza, na umbali kwa sentimita kutoka kwenye mkunjo wa kiwiko. Huo umbali hakikisha upo. Daktari wa upasuaji niliyempelekea aliusoma kabla ya kitu kingine chochote, akapima kwa rula kwenye ngozi yangu, akabonyeza hapo na vidole vyangu vitatu vikafa ganzi.